Kila Chipu na Lugha Yake



Katika muhula huu yamekuwapo majadiliano makali, kwanza katika chumba cha walimu, kisha mabwenini, na mwisho hata kati ya wazazi waliokuja kutazama maendeleo ya watoto wao, juu ya jambo moja: je, vishikwambi na simu janja tulizo nazo haziwezi kugeuzwa zikawa kompyuta za mezani, ili vijana wajifunze kompyuta pasipo kununua kompyuta? Wako wanaosema kwamba yawezekana, tena ni kazi rahisi: mtu apakue Windows, aitie katika kishikwambi, na shauri limekwisha. Wako wengine wanaocheka na kusema hizo ni ndoto za mchana. Mimi, niliye mwalimu wa Fizikia, naona kwamba kila upande umeshika nusu ya ukweli. Na kwa kuwa fedha za wazazi na wakati wa wanafunzi vimo katika shauri hili, naomba nafasi katika gazeti letu nitoe maoni yangu.

Maoni yangu kwa ufupi ni haya. Jambo hilo lawezekana, na ni zuri kwa mtu anayetaka kujua mashine zinavyofanya kazi, lakini halifai kuwa msingi wa masomo ya shule. Linalofaa ni kutumia programu zilizokwisha tayarishwa kwa lugha ya chipu iliyomo ndani ya chombo chenyewe. Sasa nitaeleza kwa nini.

Kwanza tukumbuke vyombo hivi vilikotoka. Katika Sensa ya Watu na Makazi iliyoanza tarehe 23 Agosti 2022, makarani walipita nyumba kwa nyumba wakiandika habari zetu katika vishikwambi, wala si katika makaratasi kama zamani. Baada ya sensa kwisha, vishikwambi vikaingizwa katika kazi ya elimu, na walimu wa shule za serikali wakavipokea. Basi kishikwambi si kitu cha ajabu tena hata kwetu Nyansurura. Lakini ni mali ya umma, na neno hilo nitalirudia hapo mbele.

Ndani ya kila kompyuta, iwe kubwa au ndogo, mna chipu moja iliyo kama ubongo. Chipu hiyo haijui Kiswahili wala Kiingereza. Inajua namba tu, na kila namba kwake ni amri: chukua hiki, jumlisha na kile, weka pale. Tatizo letu lote latokana na jambo moja dogo, ya kwamba chipu zote hazikukubaliana juu ya maana ya namba hizo. Kuna koo mbili kubwa, na kila ukoo una lugha yake.

Ukoo wa kwanza ulianza na chipu ya Intel iliyoitwa 8086, mwaka wa 1978. Kampuni ya IBM ilipotoa kompyuta yake ndogo ya mwaka wa 1981 ilitumia chipu ya ukoo huo, na tangu hapo kompyuta nyingi za mezani duniani zimefuata njia hiyo. Windows na programu nyingi tunazozijua maofisini zimewekwa katika lugha ya ukoo huo.

Ukoo wa pili unaitwa ARM. Ulizaliwa Cambridge, Uingereza, katika kampuni ya Acorn, kwa kazi ya Sophie Wilson na Steve Furber, na chipu ya kwanza ilifanya kazi mwezi wa Aprili 1985. Waliitengeneza wenyewe husimulia kwamba siku walipoijaribu, kipimo cha umeme kilionyesha sifuri ingawa chipu ilikuwa ikifanya kazi. Kumbe waya wa umeme wake haukuwa umeungwa, na chipu ilikuwa ikiishi kwa umeme mdogo uliopenya kupitia nyaya nyingine. Ndiyo sababu ukoo huu ulipendwa baadaye na watengenezaji wa simu: chombo kinachoishi kwa betri hutaka ubongo usiokula sana. Karibu simu janja zote na vishikwambi vya Android tunavyovijua hutumia chipu za ARM.

Tofauti ya lugha hizi mbili si ya matamshi tu. Katika lugha ya Intel amri moja yaweza kuwa na urefu wa baiti 1 mpaka 15. Katika lugha ya ARM ya kawaida, kila amri ina baiti 4, haizidi wala haipungui. Kwa hiyo ukichukua programu ya kompyuta ya mezani ukaitia katika simu kama ilivyo, chipu haitasoma kwa taabu; haitasoma kabisa. Kwake yatakuwa makelele matupu.

Labda mwanafunzi atauliza, “Mbona basi rafiki yangu ana simu inayofungua Windows?” Swali hilo ni la haki, na jawabu ni hili: amemweka mkalimani kati.

Mwaka wa 2003 Mfaransa mmoja, Fabrice Bellard, alitoa programu iitwayo QEMU. Kazi yake ni kujifanya mashine nzima ya ukoo mwingine. Huiambia Windows, “Mimi ni kompyuta ya mezani, hii hapa diski yangu, hiki hapa kioo changu.” Kisha huchukua fungu la amri za Intel, hulifasiri kwa lugha ya chipu iliyopo, huliweka akiba ili lisifasiriwe tena upya, na huendelea na fungu jingine. Iko programu ya Android iitwayo Limbo, iliyojengwa juu ya QEMU, na hiyo ndiyo wengi wa vijana wetu huitumia wakati wa likizo.

Wanafunzi wa Kidato cha Kwanza wataelewa upesi gharama ya mkalimani, maana wao wenyewe wanaijua. Mtoto amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili. Anaingia sekondari, mwalimu anasema kwa Kiingereza. Mtoto husikia, hugeuza moyoni kwa Kiswahili, pengine na kwa lugha ya nyumbani pia, hutafuta jibu, kisha huligeuza tena kwa Kiingereza. Akili yake si ndogo. Lakini hapo alipo ana kazi mbili, na mwenzake anayeielewa lugha moja kwa moja ana kazi moja. Basi ndivyo chipu ya simu inavyotaabika. Amri moja ya Intel huweza kuzaa amri kadhaa za ARM, na juu ya hayo mifumo endeshi miwili, Android na mgeni wake, hugawana kumbukumbu moja.

Nimepata kuona simu ya kawaida ikifungua Windows 98 kwa njia hii. Kwa kweli ilifunguka, na vijana walipiga makofi. Lakini kipanya kilifuata kidole kama mzee anayepanda kilima na mzigo kichwani, na simu ilipata moto hata ikawa haishikiki vizuri. Na hiyo Windows 98, kama jina lake linavyosema, ni ya mwaka wa 1998. Windows 11 yenyewe hudai kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 na nafasi ya kuhifadhi isiyopungua gigabaiti 64, hata kwenye mashine yake halali.

Sasa tupime jambo hili kwa saa ya darasani. Tuseme kipindi maradufu kina dakika 80, wanafunzi ni 50, na mashine ni 5. Kila mashine ina wanafunzi 10, na kila mwanafunzi ana dakika 8 za kushika kibodi kwa mkono wake. Kama mkalimani anataka dakika 8 za kufungua tu, mwanafunzi wa kwanza ametoka mikono mitupu. Huyo ni mtoto wa mtu aliyeuza mahindi au mbuzi mnadani ili alipie mahitaji yake. Hatuna haki ya kumpa mchezo wa kutazama mahali pa somo.

Wako wengine wenye shauri la pili: wanasema tumwondoe mkalimani, tufute Android kabisa, tuweke Windows iliyotayarishwa kwa chipu za ARM. Ni kweli kwamba Windows ya namna hiyo ipo. Lakini hapa pana kizuizi kingine ambacho watu wengi hawakijui. Kompyuta ya mezani huwa na desturi moja tangu zamani: mfumo endeshi ukiamka, huiuliza mashine, “Una vifaa gani?” nayo mashine hujibu. Simu na vishikwambi vingi havina desturi hiyo. Kioo, sauti, kamera na sehemu ya kugusa hupangwa kila kampuni kwa namna yake, na mfumo endeshi hauna budi kupewa ramani iliyoandikwa kwa aina ile ile ya chombo. Pasipo ramani, mfumo waweza kuwa na lugha sahihi na bado usijue kioo kiko wapi. Tena watengenezaji wengi hufunga mlango wa kuanzia ili mfumo mwingine usiingie. Anayejaribu kuuvunja mlango huo katika kishikwambi cha umma anaweza kubaki na kipande cha kioo kisichowaka, naye hatakuwa na la kujibu atakapoulizwa. Walimu wenzangu, nawasihi tusifanye hivyo.

Hata matajiri wa dunia wamejifunza somo hili kwa gharama. Mwaka wa 2012 Microsoft ilitoa kishikwambi chake kiitwacho Surface RT, chenye chipu ya ARM na mfumo ulioitwa Windows RT. Kwa sura ilikuwa Windows, lakini programu za zamani za Windows hazikuweza kuwekwa humo, kwa sababu lugha haikuwa ile. Wanunuzi wakakikataa, na mwezi wa Julai 2013 kampuni ilitangaza hasara ya dola milioni 900 kwa ajili ya shehena iliyobaki. Watu walikuwa wakitaka programu zao, si sura ya Windows.

Mtu mwenye kufuata habari hizi atanipinga aseme, “Mbona Apple walifaulu?” Ni kweli, tena wamehama zaidi ya mara moja. Mwaka wa 1994 walihama kutoka chipu za Motorola kwenda PowerPC. Mwaka wa 2006 wakaenda Intel. Na mwaka wa 2020 wakaja ARM kwa chipu yao waliyoiita M1. Katika safari hii ya mwisho walikuwa na mkalimani hodari aitwaye Rosetta 2. Lakini tutazame alifauluje. Kwanza, sehemu kubwa ya kazi yake huifanya mapema, kabla programu haijaanza kutumika. Pili, chipu yenyewe ilitengenezwa kwa namna ya kumsaidia, ikaweza kufuata utaratibu wa kumbukumbu wa Intel pale inapohitajika. Kishikwambi chetu hakina msaada huo. Tena hata Apple, mwaka wa 2025, walitangaza kwamba mkalimani huyo ataendelea kwa kawaida hadi toleo la 27 la mfumo wao, kisha kazi yake itapunguzwa. Maana yake ni kwamba walimtumia kama daraja la kuvukia, wala hawakujenga nyumba juu ya daraja.

Basi, tufanyeje? Sikuandika haya ili nivunje watu moyo. Iko njia bora, na njia hiyo naweza kuieleza kwa mfano wa mkoa wetu huu wa Mara.

Mwalimu Julius Nyerere, mwana wa Butiama, alikitafsiri kwa Kiswahili kitabu cha Shakespeare kiitwacho Julius Caesar, kikatolewa mwaka wa 1963. Mwaka wa 1969 akafuata Mabepari wa Venisi. Kazi ile ilimtaabisha yeye mara moja. Tangu siku hiyo kila mtu asomaye Kiswahili hufungua kitabu akasoma, bila kuwa na mkalimani pembeni yake wa kumnong'oneza kila mstari. Hiyo ndiyo tofauti ya tafsiri na ukalimani. Mkalimani hufanya kazi upya kila siku. Mfasiri hufanya mara moja, na maelfu wakafaidi.

Programu nazo zaweza kutafsiriwa hivyo hivyo. Mtu huandika programu kwa lugha ya waandishi wa programu, kisha mashine huigeuza mara moja kuwa lugha ya Intel, au ya ARM, kama mtu atakavyo. Lakini liko sharti moja: lazima mfasiri awe na maandishi ya asili. Kama mwenye programu ameyafungia kabatini, hakuna awezaye kutafsiri ila yeye. Ndiyo maana mfumo wa Linux una nafuu kubwa kwa watu kama sisi. Maandishi yake ya asili yako wazi kwa wote. Debian, iliyo moja ya jamaa za Linux, imekuwa na toleo rasmi la chipu za ARM za biti 64 tangu mwaka wa 2015, na ndani yake mna LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia mahesabu, mna lugha ya Python ya kujifunzia kuandika programu, na maelfu ya programu nyingine. Zote zimekwisha kutafsiriwa. Chipu huzisoma kwa lugha yake ya kuzaliwa.

Tena Debian hiyo yaweza kukaa ndani ya Android kama mgeni mwenye adabu, kwa msaada wa programu iitwayo Termux, pasipo kufuta kitu wala kuvunja mlango wowote. Ukiunga kibodi na kipanya, hata kishikwambi cha kawaida huandika na kupiga hesabu vizuri. Sisemi kwamba kitashindana na kompyuta kubwa. Nasema kwamba nguvu kidogo iliyomo haitapotea njiani.

Na kama wazazi wetu wataombwa kuchangia chochote, shauri langu ni kuwa fedha hizo zisinunue simu za kujigeuza. Kuna kompyuta ndogo ziitwazo Raspberry Pi, zilizoanza kuuzwa mwaka wa 2012, nazo pia zatoka Cambridge na zina chipu za ARM. Ile ya mwaka wa 2020 iitwayo Raspberry Pi 400 imejengwa ndani ya kibodi yenyewe, na ilipotoka bei yake ilikuwa dola 70, bila usafiri na ushuru. Huungwa kwenye televisheni, na adapta yake hutoa kama wati 15 tu, kiasi ambacho hata umeme wa jua waweza kukitosheleza pale nguzo zinapokuwa kimya. Hiyo ni kompyuta ya mezani kamili, yenye chipu ya ukoo wa simu, nayo haihitaji mkalimani.

Najua lipo swali lililobaki kwa wazazi: “Ofisini wanatumia Windows, mtoto wangu atafanyaje akitoka shuleni na Linux?” Mzazi mpendwa, anayejua kulima kwa plau ya ng'ombe wa jirani hatashindwa na plau ya nyumbani kwa sababu rangi yake si moja. Kijana aliyejua kujumlisha safu ya namba, kupanga majedwali, na kuhifadhi kazi yake mahali atakapoiona tena, huzoea Windows kwa siku chache. Lakini yule aliyetazama tu kioo kikifunguka hana la kuzoea. Na kompyuta zile chache za Windows ambazo shule hubahatika kuwa nazo ziachwe kwa kazi hiyo ya mazoezi ya mwisho.

Je, Limbo na wenzake tuwatupe? La, hasha. Katika kilabu cha sayansi, kijana anayetaka kujua namna mashine moja inavyoweza kujifanya nyingine hatapata mwalimu mzuri kuliko mkalimani huyo. Na ajaribu kwa mifumo midogo ya bure kama FreeDOS, aone amri zikifasiriwa, apime muda, aandike matokeo. Hiyo ni sayansi halisi. Lakini ajihadhari na mafaili ya Windows yanayogawanywa bure na watu wasiojulikana. Mengi hayana ruhusa ya mwenyewe, na mengine huficha programu za wizi. Simu ile ile anayoifanyia majaribio ndiyo baba yake anayotunzia fedha, na namba ya siri ikiibwa hairudi kwa kuomba radhi.

Kwa hiyo naleta mashauri matatu mbele ya uongozi wa shule na kamati ya wazazi. Kwanza, vishikwambi vya serikali viachwe na Android yake, na vitumike kwa programu zilizotayarishwa kwa ARM. Pili, mchango wowote wa kompyuta ufikirie kwanza mashine ndogo zinazokula umeme kidogo na mifumo iliyo wazi. Tatu, kilabu cha sayansi kipewe saa moja kwa juma kwa majaribio ya ukalimani wa mashine, chini ya uangalizi wa mwalimu, kwa simu zisizo na fedha wala siri za mtu.

Wako wenzangu wasiokubaliana nami, nao ni watu wa akili. Naomba waandike katika toleo lijalo, na walete hesabu ya dakika na ya shilingi. Wanafunzi wetu watapima wenyewe hoja ipi ni nzito.